Wasiwasi si wazimu: Mzigo unaobebwa kimyakimya kuanzia Mata hadi Voi

MKULIMA wa wadi ya Mata, katika eneo la Taveta, ana sababu nyingi za kukesha.

Ndovu wanaotoka mbuga ya Tsavo Magharibi wanaweza kufyeka shamba la mahindi au migomba kwa usiku mmoja. Mto Lumi, unaoteremsha maji kutoka upande wa mlima Kilimanjaro hadi Ziwa Jipe, hufurika mvua inapozidi. Mvua inapokosekana, mifugo hukonda na vyakula hupanda bei. Juu ya hayo kuna karo ya shule, mikopo ya vyama na mizozo ya ardhi iliyodumu vizazi na vizazi.

Hizo ni hofu zenye mashiko. Anayelinda shamba kwa tochi na debe usiku wa manane ana haki ya kuwa na tumbo joto.

Swali ni hili: Je, mtu afanyeje iwapo ndovu wamekwisha kurejea mbugani, mavuno yamekwisha kuingia ghalani, na bado moyo unamwenda mbio? Afanyeje iwapo hofu imekataa kuondoka hata baada ya kilichoileta kuondoka?

Hapo ndipo wasiwasi wa kawaida unapogeuka kuwa maradhi. Na hapo ndipo wengi, badala ya kutafuta tiba, huchagua kunyamaza kwa kuogopa kuitwa wendawazimu.

Makala haya yanaeleza maradhi hayo ni nini, kwa nini yanafichwa, sheria ya Kenya inasema nini, na mgonjwa pamoja na jamaa zake wanaweza kufanya nini.

WASIWASI NI NINI?

Wasiwasi ni king'ora cha mwili. Mtu anapokabiliwa na hatari, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga kemikali iitwayo adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, pumzi hufupika, misuli hukaza na tumbo husita kusaga chakula. Mwili mzima hujitayarisha kupigana au kutimua mbio.

Bila king'ora hicho binadamu asingedumu duniani. Ndicho kinachomwezesha mvuvi wa Jipe kuruka kando anapomwona kiboko, na ndicho kinachomfanya mwanafunzi afungue daftari mtihani unapokaribia.

Tatizo huanza king'ora kinapolia bila mwizi. Katika maradhi ya wasiwasi, mwili hutoa tahadhari mtu akiwa amekaa kanisani, akipanga foleni benki, au akiwa amelala kitandani mwake mlango ukiwa umefungwa. Aghalabu mgonjwa mwenyewe anajua kwamba hakuna cha kuogopa, lakini kujua huko hakuzimi king'ora.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 359 walikuwa na maradhi ya wasiwasi mnamo mwaka wa 2021. Hao ni takriban asilimia 4.4 ya watu wote duniani, na hakuna maradhi mengine ya akili yanayowapata watu wengi kiasi hicho. Shirika hilo linakadiria kwamba ni mtu mmoja tu kati ya kila wanne wenye maradhi hayo anayepata matibabu.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Kaunti ya Taita Taveta. Iwapo kiwango hicho cha dunia kingetumiwa huku kwetu, watu wanaokaribia 15,000 katika kaunti hii wangekuwa na maradhi haya. Hiyo si hesabu ya utafiti uliofanywa hapa, ila ni mfano wa kuonyesha ukubwa wa jambo linalofikiriwa kuwa la wachache.

SURA ZAKE NI NYINGI

Madaktari hutenganisha aina kadhaa za maradhi haya.

Aina ya kwanza ni wasiwasi wa jumla. Mgonjwa huhangaikia kila jambo: watoto, fedha, afya, kazi, hata mambo madogo ambayo wengine hawayafikirii. Madaktari huzungumzia aina hii iwapo hali hiyo imedumu siku nyingi kwa muda usiopungua miezi sita, ikiandamana na uchovu, kukosa usingizi, hasira za haraka, misuli kukaza au kushindwa kumakinika.

Aina ya pili ni mawimbi ya ghafla ya hofu. Moyo hudunda kwa nguvu, kifua hubana, mikono hutetemeka, jasho hutoka na mgonjwa huamini kwamba anakufa papo hapo. Kwa kawaida wimbi hufikia kilele katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hupungua. Wengi hukimbizwa hospitalini wakidhaniwa kuwa wana maradhi ya moyo. Baadaye huanza kuogopa wimbi lenyewe, wakaepuka matatu, soko na mikutano.

Aina ya tatu ni hofu ya watu. Huu si unyenyekevu wala haya ya kawaida. Ni woga mkubwa wa kutazamwa na kuhukumiwa, unaomfanya mtu akose mahojiano ya kazi au ashindwe kusimama kwenye hafla ya familia yake mwenyewe.

Zipo pia hofu za kitu mahususi, kama vile damu, urefu au wanyama. Isitoshe, kuna maradhi yaliyo jirani na haya, yale yanayofuata kisa cha kutisha kama ajali, ubakaji, kushambuliwa na mnyama wa porini au kushuhudia kifo. Mgonjwa wa aina hiyo hukiona kisa kile tena na tena, macho yakiwa wazi na hata usingizini.

Ikumbukwe kwamba si kila kiherehere cha moyo kinatokana na wasiwasi. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingoni, sukari kushuka, pumu na maradhi ya moyo yanaweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ni kupimwa na mhudumu wa afya badala ya kujihukumu nyumbani.

NENO LINALOUMIZA

Kiswahili kimeyabeba maradhi ya akili kwa maneno mazito. Neno 'wazimu' lina ukoo na 'mzimu', yaani roho ya mfu. Neno lenyewe 'wasiwasi' limetokana na Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono, na hasa mnong'ono wa shetani unaomtia mtu shaka moyoni.

Hivyo basi, kabla mgonjwa hajafungua kinywa, lugha imekwisha kumpa maelezo mawili: ama amepandwa na mizimu, ama imani yake ni haba.

Maelezo ya tatu yana jina la mahali. Nchini Kenya, mtu akitaka kumtusi mwenzake humwambia kuwa anafaa kupelekwa Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza mnamo 1910 kama makao ya kuwafungia waliohesabiwa kuwa wendawazimu chini ya serikali ya kikoloni, ikapewa jina la Mathari mnamo 1924. Leo ni hospitali ya kitaifa ya mafunzo na rufaa. Hata hivyo, kumbukumbu ya kuta na kufuli imebaki katika matusi ya watu.

Matokeo yake ni kwamba mgonjwa wa wasiwasi, ambaye akili zake ni timamu na anayejua vyema kinachomsibu, hujiona amewekwa katika kapu moja na kila anayechekwa barabarani. Naye mgonjwa aliye na maradhi makali zaidi, ambaye pia ni binadamu mwenye haki, huzidi kutengwa.

Unyanyapaa huja kwa sura tatu. Upo wa majirani: kucheka, kunong'ona, kukataa kuoa au kuolewa katika familia fulani. Upo wa taasisi: mwajiri anayempunguza mfanyakazi, shule inayomfukuza mtoto, mhudumu wa afya anayemwambia mgonjwa aache mchezo. Na upo wa mgonjwa mwenyewe, ambaye hujishutumu kwamba ni dhaifu. Huu wa mwisho ndio unaoua kimyakimya, kwa kuwa hauhitaji mtu mwingine kuuendeleza.

Wanaume hupata shida zaidi kusema. Mvulana aliyelelewa kwa kuambiwa kwamba mwanamume halii, akifika utu uzima hukosa hata msamiati wa kueleza kinachomsumbua. Atasema kifua kinabana, tumbo linasokota au kichwa kinauma. Atanunua dawa za maumivu dukani mwaka nenda mwaka rudi, na chanzo kibaki palepale.

HEKIMA ILIYOSAHAULIKA

Wapo wanaodai kwamba maradhi haya ni ya kisasa, yaliyoletwa na maisha ya mjini na mitindo ya kigeni. Historia ya kaunti hii inaonyesha vingine.

Kati ya 1950 na 1952, mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi miongoni mwa Wataita katika Milima ya Taita. Mnamo 1957 alichapisha makala kuhusu hali iliyoitwa 'saka', iliyowapata hasa wanawake walioolewa. Mwanamke aliyeshikwa na saka alitetemeka, akazungusha kichwa au kupoteza fahamu. Kilichoianzisha kiliweza kuwa mlio wa gari moshi, kuonekana kwa gari, au tamaa ya kitu ambacho hakuweza kukinunua.

Si halali kuichukua saka na kuibandika jina la hospitali. Watu wa wakati ule waliielewa kwa namna yao, wakaitibu kwa namna yao, ikiwemo ngoma iliyochezwa hadharani. Ila jambo moja ni bayana: Jamii ilikiri kwamba dhiki ya moyo inaweza kutikisa mwili, na ikamwekea mgonjwa nafasi na wakati mbele ya watu. Hakufichwa chumbani.

Harris aliandika pia kitabu kizima, kilichotoka mnamo 1978, kuhusu dini ya asili ya Wataita. Kiini cha dini hiyo kilikuwa tendo lililoitwa 'kutasa'. Mtu alijaza kinywa pombe, maji au kinywaji kingine, akakipuliza nje huku akitamka maneno ya heri. Imani iliyokuwa nyuma ya tendo hilo ni kwamba hasira iliyofungiwa moyoni huleta maradhi na mikosi, na kwamba dawa yake ni kuitoa waziwazi na badala yake kutia baraka.

Wataveta na jamii nyinginezo zinazoishi Mata na vitongoji vyake si Wataita wa milimani, na kila jamii ina mila zake. Leo aghalabu wakazi wa kaunti ni Wakristo au Waislamu, na hakuna anayeambiwa arejee tambiko la babu zake.

Lakini funzo halina budi kushikwa. Anayesema kwamba desturi yetu ni kufunika mambo ya moyo anaikosea historia. Wazee wa milima hii walikuwa na dini nzima iliyojengwa juu ya kutoa yaliyo moyoni. Kimya tunachokiita cha jadi si cha jadi.

SHERIA IMEBADILIKA

Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilikuwa upande wa kimya.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilijishughulisha zaidi na namna ya kulaza wagonjwa hospitalini kuliko namna ya kuwatunza wakiwa kwao. Mnamo 2011, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi sekta hiyo ilivyokuwa imetelekezwa.

Desemba 2019, serikali iliunda jopokazi chini ya uongozi wa daktari mashuhuri wa maradhi ya akili, Dkt Frank Njenga. Ripoti yake ya 2020 ilipendekeza kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa.

Mnamo 2022, Bunge lilifanyia sheria ya 1989 marekebisho makubwa. Sheria hiyo sasa inazipa serikali ya kitaifa na zile za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili, na inaagiza kuundwa kwa mabaraza ya afya ya akili katika kaunti. Aidha, inalinda siri ya mgonjwa na haki yake ya kutobaguliwa.

Mabadiliko mengine yalitoka mahakamani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya hadi miaka miwili gerezani. Maana yake ni kwamba aliyeokolewa kutoka mauti aliweza kutoka hospitalini na kuingia korokoroni, na familia zilificha visa hivyo kwa kuogopa polisi.

Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Maradhi ya Akili na mlalamishi mwingine.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hivyo mkazi wa Mata anayeomba msaada kwa sababu ya wasiwasi haombi hisani. Anadai haki yake.

SAFARI YA TIBA

Haki iliyo kwenye karatasi huhitaji nauli. Kutoka mji wa Taveta hadi Voi, iliko Hospitali ya Rufaa ya Moi ya kaunti, ni takriban kilomita 110. Kwa mtu anayeogopa kupanda gari kwa sababu ya mawimbi ya hofu, hiyo ni safari ndefu mno. Kwa muda mrefu wagonjwa wa Pwani waliohitaji kulazwa walikuwa wakipelekwa Port Reitz mjini Mombasa, mbali zaidi na jamaa zao.

Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wa wasiwasi hawahitaji kulazwa, na mwanzo wa tiba unaweza kuwa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu ataanza kwa kupima shinikizo la damu, kiwango cha damu na maradhi mengine. Kisha anaweza kutumia orodha fupi ya maswali, kama ile ya maswali saba iliyobuniwa mnamo 2006, inayouliza jinsi mgonjwa alivyojisikia katika wiki mbili zilizopita.

Tiba yenyewe ina mikono miwili.

Mkono wa kwanza ni mazungumzo. Hii si soga wala mahubiri. Mshauri aliyefunzwa humsaidia mgonjwa kutambua fikra zinazowasha king'ora, kuzipima kwa ushahidi, na kukabiliana kidogokidogo na yale anayoyaepuka. Anayeogopa matatu ataanza kwa kusimama kituoni, kisha kukaa ndani gari likiwa limesimama, kisha kwenda kituo kimoja, hadi mwili ujifunze upya kwamba hakuna hatari.

Mkono wa pili ni dawa. Dawa kama fluoksetini na setralini, ambazo hutumiwa pia kwa huzuni kuu, hupunguza wasiwasi polepole. Huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na wengi hukosea kwa kuziacha mapema. Hazimgeuzi mtu kuwa mwingine, wala hazipaswi kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari.

Dawa za kutuliza haraka kama diazepamu ni jambo jingine. Zina kazi yake, lakini mtu anaweza kuzizoea katika muda wa wiki chache na kushindwa kuziacha. Kununua vidonge hivyo kiholela ni kubadilisha mzigo mmoja kwa mwingine.

Wapo watakaouliza: Madaktari wa akili wako wapi huku mashinani? Ni kweli kwamba wengi wao wako mijini. Lakini uzoefu wa Afrika yenyewe unaonyesha njia. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mnamo 2006 mpango unaowafunza akina nyanya wa mtaani kuzungumza na wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Nyanya hao hawatumii majina ya kigeni. Hutumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiria kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mnamo 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma za kawaida pekee.

Kenya ina wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 waliotumwa vijijini mnamo 2023 kutembelea nyumba hadi nyumba. Nyanya wenye busara hawakosekani Mata. Benchi halikosekani.

TIBA ZA UONGO

Mtu asipopata msaada hujitafutia nafuu. Pombe hutuliza kwa saa chache, kisha wasiwasi hurudi ukiwa umeongezeka asubuhi.

Muguka na miraa navyo huchangamsha mwili kwa kuupeleka moyo mbio na kuondoa usingizi. Kwa mtu ambaye king'ora chake kimekwisha kuharibika, huko ni kumwaga petroli kwenye moto. Mnamo Mei 2024, Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilichukua hatua za kupiga marufuku muguka, uamuzi uliozua mvutano mkali na wakulima wa Embu na kufikishwa mahakamani. Siasa za zao hilo zina pande zake, lakini mgonjwa wa wasiwasi hahitaji kusubiri hukumu ili aliache.

Kuna pia wanaowaambia wagonjwa kwamba wamerogwa, wakawatoza mbuzi na fedha, au wanaowafunga kamba na kuwanyima chakula kwa jina la maombi. Sala ni nguzo kubwa kwa mwenye imani, na viongozi wengi wa dini hutoa faraja ya kweli. Lakini sala na zahanati si wakewenza. Kiongozi mwema ni yule anayemwombea mgonjwa kisha akamsindikiza hospitalini.

KUISHI NAO

Si kila mgonjwa hupona kabisa. Wengi, hata hivyo, hujifunza kuishi na wasiwasi bila ya wasiwasi kuyatawala maisha yao. Yafuatayo husaidia:

Wimbi la hofu likija, usipigane nalo. Kaa chini, vuta pumzi polepole kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita. Jikumbushe kwamba limekuja na litaondoka.

Fanya mazoezi. Kulima, kutembea na kuendesha baiskeli vyote ni mazoezi.

Linda usingizi. Anayekesha kulinda shamba apokezane zamu na wenzake ili kila mmoja apate usiku wa kulala. Punguza kahawa na chai kali jioni.

Andika au sema kinachokusumbua, kisha tenganisha unachoweza kukifanyia kazi na usichokiweza. Deni lina mpango wa kulilipa. Mvua haina.

Usiyaache yote unayoyaogopa. Kila unachokiepuka leo kitakuwa kikubwa zaidi kesho.

Chagua mtu mmoja unayemwamini na umwambie. Mmoja anatosha kuanza.

KWA JAMAA NA MARAFIKI

Usimwambie mgonjwa 'jikaze' wala 'acha kufikiria sana'. Angeweza, angekwisha kufanya hivyo. Usimlinganishe na wenye shida kubwa zaidi yake. Keti naye, msikilize, muulize anahitaji nini, na ujitolee kwenda naye kliniki.

Usimtangaze. Siri yake si habari ya kisimani wala ya kundi la WhatsApp.

Akisema kwamba amechoka kuishi, chukulia maneno hayo kwa uzito. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa za kunyunyizia mimea na vitu vingine vya hatari, na umfikishe hospitalini. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyotozwa ada, 1199, kwa anayehitaji ushauri nasaha.

KIMYA KINA GHARAMA

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Kwa maradhi ya moyo, kilio hicho huja kwa sura nyingi: ndoa iliyovunjika bila sababu kujulikana, mwanafunzi hodari aliyeacha shule, baba aliyezama katika pombe, au jeneza ambalo hakuna anayetaka kueleza kilichomuua aliyemo.

Oktoba 10 kila mwaka, tangu 1992, dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Hapa Kenya tarehe hiyo ni sikukuu ya Mazingira, siku ya kupanda miti. Si vibaya mambo hayo mawili yakafanywa pamoja. Wanaochimba mashimo bega kwa bega hupata nafasi ya kuulizana hali, na mara nyingi jibu la kweli husemwa mikono ikiwa kazini.

Mkulima wa Mata hawezi kuwazuia ndovu kwa neno, wala kuuamuru mto Lumi usifurike. Lakini jirani yake anaweza kumuuliza amelala vipi, akangoja jibu, na asicheke akilisikia.